Mwezi Uliolala Chali: Majaribio na Alama katika Somo la Elimu ya Nyota

Imekuwa desturi katika vyuo vyetu vya ualimu kulipima somo la elimu ya nyota kwa maswali ambayo mtu aliyefungiwa chumbani maisha yake yote angeweza kuyajibu bila kukosa. Taja sayari kwa mpangilio kutoka kwenye Jua. Eleza tofauti iliyopo kati ya nyota na sayari. Chora mwezi katika hali zake mbalimbali. Jaribio huchukua dakika kumi au kumi na tano, karatasi hukusanywa, mkufunzi huufungua mwongozo wake wa kusahihishia, na ifikapo jioni alama zimekwisha kuingizwa katika orodha. Ni kazi nyepesi kwa pande zote mbili, nasi hatuilaumu kwa wepesi wake. Tunailaumu kwa sababu nyingine iliyo nzito zaidi: chini ya anga la huku kwetu, mwongozo ule mara nyingi humnyima alama mwanachuo aliyetoka nje akatazama, ukampa alama yule aliyekaa ndani akakariri.

Tuanze na mwezi, kwa kuwa hauna mtu asiyeujua. Mwanachuo huambiwa achore mwezi mchanga, wa siku mbili au tatu tangu kuandama. Vitabu vingi tunavyovitumia viliandikwa Ulaya, au viliigwa kutoka vile vilivyoandikwa huko, na humo mwezi mchanga umechorwa kama upinde uliosimama wima, pembe moja juu na pembe moja chini, mgongo wake umeelekea kuume. Sasa mfikirie kijana aliyezaliwa Mtae, pale ambapo mlima hukatika ghafla na nyika ya Mkomazi kuonekana chini. Tangu utoto wake ameuona mwezi ukiandama upande wa magharibi, nao haukusimama hata siku moja. Umelala chali mfano wa mashua, pembe zake zote mbili zimeelekea juu. Anaposhika kalamu huchora mashua yake. Msahihishaji huutazama mwongozo, huona upinde wima, naye hutia kosa.

Lakini kijana yule amechora kweli tupu. Upande wa mwezi unaong'aa ni ule unaolielekea Jua. Mjini London, kwenye latitudo ya nyuzi 51 kaskazini, Jua na mwezi huteremka magharibi kwa mshazari mkubwa, hata Jua likawa limezama upande wa kuume wa mwezi, chini kidogo. Lushoto iko nyuzi 4 na dakika 47 tu kusini mwa ikweta. Hapa Jua huzama karibu wima, na mwezi huja nyuma yake kwa njia ile ile. Kwa hiyo Jua liko chini ya mwezi, na tumbo la mwezi ndilo ling'aalo. Mwenye kuangalia mwaka mzima ataona zaidi ya hayo. Mwezi mchanga wa Machi na Aprili huelemea kaskazini kidogo, na ule wa Septemba na Oktoba huelemea kusini. Hilo nalo ni swali zuri la jaribio, ila hatujaliona likiulizwa mahali popote.

Wenzetu watatuambia kwamba hii ni alama moja katika kumi, na kwamba tunakuza jambo dogo. Hatukubaliani nao. Alama ile moja imemfundisha mwanachuo somo kubwa kuliko zile tisa alizopata: kwamba macho yake ni mashahidi wa uongo na kitabu ndicho shahidi wa kweli. Naye haendi kuwa karani. Anakwenda kuwa mwalimu, pengine kwa miaka thelathini, katika shule ambayo haitakuwa na darubini wala picha za rangi wala kitu kingine chochote cha kufundishia elimu ya nyota isipokuwa anga lenyewe. Tukimpokonya imani ya kulitumia anga, tumempeleka kazini mikono mitupu.

Mfano wa pili tutaupita upesi. Msafiri aliyepotea usiku atautambuaje upande wa kaskazini? Mwongozo husema: kwa Nyota ya Kaskazini. Nyota hiyo ipo, nayo imekaa karibu kabisa na ncha ya anga upande ule. Lakini kimo chake juu ya upeo wa macho hulingana na latitudo ya mtazamaji. Mkazi wa Cairo huiona kwenye nyuzi 30. Kadiri anavyosafiri kuja kusini ndivyo inavyoshuka, hata akifika ikweta inagusa upeo, na huku Usambara iko chini ya ardhi kwa nyuzi nne au zaidi. Msafiri wetu angeingoja hadi alfajiri. Aliyeandika Msalaba wa Kusini, akaeleza kwamba ukiurefusha mhimili wake mrefu mara nne na nusu utaikaribia ncha ya kusini, na kwamba jioni za mwezi wa Mei ndipo unaposimama vizuri, huyo amemwokoa msafiri. Na bado wapo wanaomkata alama kwa sababu neno walilolitafuta halimo katika jibu lake.

Mfano wa majira ya mwaka unadai tuukalie zaidi, kwa kuwa hapa kosa halionekani kwa macho ya msahihishaji. Swali husema: ni nini kinachosababisha majira? Wanachuo karibu wote huandika kwamba mhimili wa dunia umeinama kwa nyuzi 23 na nusu, na wote hupata alama zao. Mkufunzi hufurahi. Tumejaribu mara nyingi, baada ya kurudisha karatasi hizo, kuwauliza wanachuo wale wale kwa mdomo: basi kwa nini Julai hapa Lushoto twavaa makoti, na Januari twayavua? Jibu linalokuja, tena kwa upesi, ni kwamba mwezi wa Julai dunia iko mbali na Jua.

Jibu hilo lina nguvu ya ajabu katika nchi yetu, na mkufunzi yafaa aijue nguvu hiyo kabla ya kupambana nalo. Ni kweli kwamba dunia huwa karibu zaidi na Jua mwanzoni mwa Januari, umbali wa kilomita milioni 147 hivi, na huwa mbali zaidi mwanzoni mwa Julai, kilomita milioni 152 hivi. Mtoto wa Ulaya akiambiwa hayo hushtuka, kwa kuwa Januari ndipo anapotetemeka kwa baridi. Maisha yake mwenyewe yanayakanusha maelezo ya umbali. Mtoto wa Lushoto hashtuki. Januari kwake ni joto na Julai ni baridi, na umbali unaonekana kueleza kila kitu. Maelezo yasiyo ya kweli yameoana na hali ya hewa ya kwao. Na tusidhani kwamba hii ni aibu yetu peke yetu. Katika filamu ya Kimarekani iliyotolewa mwaka 1987, A Private Universe, watu 23 waliulizwa swali la majira siku ya mahafali katika Chuo Kikuu cha Harvard, wahitimu pamoja na walimu wao, na 21 kati yao walishindwa kulieleza sawasawa. Hao walikuwa watu waliokwisha kufaulu mitihani mingi. Mitihani haikuwagundua.

Jaribio lenye kugundua halina budi kuulizwa namna nyingine. Sisi tumeona swali hili likifaa: Mwezi wa Januari dunia iko karibu zaidi na Jua; eleza kwa nini mji wa Cairo una baridi mwezi huo huo. Mwenye kukariri mhimili ataandika mhimili, kisha atakwama, kwa sababu hajui mhimili huo unafanya nini. Mwenye kufahamu atasema kwamba mwezi huo upande wa kaskazini wa dunia umelipa Jua kisogo, hata mionzi yake ikafika huko kwa mshazari na mchana ukawa mfupi, na kwamba tofauti ya umbali ni ndogo mno kulifuta jambo hilo.

Hapo ndipo mkufunzi anaweza kurudi nyumbani na kuuliza juu ya Lushoto, naye ajiandae kutoa alama za sehemu, kwa kuwa jibu si la mstari mmoja. Fimbo ya mita moja iliyosimikwa wima uwanjani, kivuli chake kikipimwa tarehe 21 Juni Jua linapofika kilele, hutoa kivuli cha sentimita 54 hivi kuelekea kusini. Tarehe 21 Desemba hutoa sentimita 34 hivi kuelekea kaskazini. Maana yake ni kwamba Jua la Juni liko chini kidogo kuliko la Desemba, nyuzi 62 kwa 71. Mchana wa Desemba nao ni mrefu kuliko wa Juni kwa nusu saa na dakika chache. Tofauti hizi zipo, lakini si kubwa, na pekee haziwezi kubeba baridi yote ya Julai. Hapana budi kuongeza upepo wa kusi unaotoka upande ambao wakati huo uko katika kipupwe, pamoja na mawingu na ukungu unaoufunika mlima. Aghalabu mwanachuo huandika kwamba Lushoto kuna baridi kwa kuwa iko juu, kiasi cha mita 1,400 kutoka usawa wa bahari. Huyo ameeleza kwa nini Lushoto ina baridi kuliko Mombo. Hakueleza kwa nini Julai ina baridi kuliko Januari, maana mlima haupandi wala haushuki kati ya miezi hiyo. Tunampa alama moja katika nne, na pembeni tunamwandikia sababu. Maelezo hayo mafupi ya pembeni humfaa kuliko alama yenyewe, na mkufunzi anayerudisha karatasi zenye nambari tupu amefanya nusu ya kazi yake.

Haya si mawazo mapya katika nchi hii. Mwalimu Nyerere, katika waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea wa mwaka 1967, alikwisha kulalamika kwamba mitihani yetu hupima uwezo wa mtu wa kushika mambo kichwani na kuyatoa anapotakiwa. Azimio la Musoma la Novemba 1974 likaja kuupiga vita uzito uliopita kiasi wa mtihani wa maandishi, na baada yake alama za kazi za kila siku zikaanza kuhesabiwa. Nia ilikuwa njema. Lakini katika masomo mengi, na la nyota likiwamo, tulichofanya ni kuukata mtihani mmoja mkubwa vipande kumi vidogo, na kila kipande kikabaki na tabia ya mama yake.

Basi tunashauri nini? Kwanza, daftari la uangalizi, nalo lipewe uzito wake. Katika alama 100 za muhula, 40 ziwe za daftari, 30 za majaribio mafupi ya kila wiki na 30 za mtihani wa mwisho. Kila mwanachuo aangalie anga mara tatu kwa wiki, aandike tarehe, saa, mahali aliposimama, hali ya mawingu na alichokiona. Hakuna kifaa cha kununua. Ngumi iliyonyooshwa mbele ya uso ina upana wa nyuzi kumi hivi, na kwa ngumi hizo mtu anaweza kupima kimo cha Zuhura jioni. Anaweza pia kusimama ukingoni mwa Irente kila mwezi na kupima jinsi mahali Jua linapozamia panavyohama juu ya nyika, kutoka Desemba hadi Juni, jumla ya karibu ngumi tano. Anaweza kuwauliza wazee juu ya Kilimia na msemo wa kwamba kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kisha akakiangalia mwenyewe kikipotea magharibi jioni za mwanzo wa Mei na kurudi mashariki kabla ya mapambazuko katikati ya Juni. Kipindi hicho cha kupotea ni mwendo wa dunia kulizunguka Jua, nao wakulima walikuwa wakiutumia kabla hatujaletewa jina la Kigiriki la nyota hizo.

Pili, jaribio la wiki liwe na maswali matano, matatu kati yake yasiyoweza kujibiwa na mtu ambaye hakutazama. Mawili yawe ya kukariri, na hatuoni haya kuyatetea. Kuna mambo ambayo mtu ama anayajua ama hayajui, na mwalimu wa Afrika Mashariki anayajua au ana pengo. Tungependa ajue, kwa mfano, kwamba chombo cha kwanza kilichorushwa mahsusi kwa kuchunguza mionzi ya eksirei itokayo angani kiliitwa kwa neno letu, Uhuru, kwa kuwa kilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi.

Ila katika maswali hayo ya kukariri msahihishaji awe na busara juu ya majina. Jina la Utaridi kwa asili ni la sayari iliyo karibu zaidi na Jua. Baadhi ya vitabu vya shule vilimpa Pluto jina hilo, na sayari ya kwanza vikaiita Zebaki. Mwanachuo anayefuata kamusi ya zamani asipoteze alama mbele ya yule anayefuata kitabu cha darasa la sita. Pluto yenyewe iliondolewa katika hesabu ya sayari na Umoja wa Kimataifa wa Wanaastronomia katika mkutano wa Prague, Agosti 2006, na mwongozo unaodai sayari tisa ni mwongozo wa kutupwa.

Tunakuja sasa kwenye jambo lenye ubishi. Usambara ni nchi ya ukungu. Zipo wiki ambazo nyota haionekani hata moja, na masika yakishika mtu anaweza kukaa nusu mwezi asiuone mwezi wenyewe. Mwanachuo afanye nini na daftari lake? Tuliwahi kusahihisha madaftari baada ya kipindi cha namna hiyo. Mengi yalikuwa yamejaa michoro mizuri, kila usiku na nyota zake, wino wa rangi moja tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Lilikuwapo moja chafu kidogo, lenye alama za matone, ambalo kwa wiki mbili lilirudia maneno yale yale mara sita, kila mara na tarehe na saa: mawingu, sikuona kitu. Kwa desturi ya kuhesabu michoro, daftari hilo lingepata alama tatu katika kumi, na yale mengine tisa.

Sisi tulilipa kumi. Baadhi ya wakufunzi wenzetu walipinga kwa nguvu, wakasema kwamba tumeuzawadia uvivu, na kwamba wiki ijayo darasa zima litaandika mawingu. Hoja yao si ya kupuuzwa. Lakini ina dawa, nayo ni kwamba mkufunzi naye aweke daftari. Akitoka nje mwenyewe mara tatu kwa wiki, anajua usiku upi ulikuwa wa mawingu na upi ulikuwa mweupe. Atakayeandika mawingu usiku mweupe atajulikana. Tena daftari la uongo hujisema lenyewe. Kuna aliyechora mwezi wa siku tatu akauandikia saa sita usiku, ilhali mwezi wa umri huo huwa umekwisha kuzama kwa kadiri ya saa tatu. Kuna aliyeuchomoza mwezi mpevu saa nne usiku juu ya uwanda, naye mpevu huchomoza Jua linapozama. Hapa lakini msahihishaji aangalie alipokaa mtu. Mji wa Lushoto uko ndani ya bonde, na milima huweza kuuchelewesha mwezi kuonekana kwa nusu saa au zaidi. Mwanachuo wa bondeni anayeandika saa ya kuchelewa si mwongo, ni mwaminifu kuliko jedwali.

Kwetu sisi hili ndilo kubwa katika suala zima la alama. Tukimpa mtu alama tisa kwa nyota ambazo hakuziona, tumemlipa mshahara wa kubuni, naye atakwenda nao shuleni. Atabuni mahudhurio na maazimio ya masomo ambayo hayakufundishwa. Atabuni hata alama za watoto. Hatusemi haya kwa kumdhania mtu vibaya. Twasema tu kwamba mtu hujifunza kile anacholipwa kwacho.

Vipo vizuizi vingine, na vingine ni vya haki. Darasa la wanachuo 120 lina madaftari 120, na hakuna mkufunzi awezaye kuyasoma yote kila wiki. Sisi huchukua kumi na tano kwa kura, bila kutangaza mapema, na kila mmoja hufikiwa mara mbili katika muhula. Wasichana wasilazimishwe kutoka nje peke yao usiku. Uangalizi wa jioni kabla ya giza kuingia, wa alfajiri bwenini kwa makundi, na wa kivuli cha mchana, unatosha kumpatia mtu alama zote 40. Na wapo wanaouliza kuhusu mtihani wa taifa: je, mwanachuo aliyezoea mwezi uliolala hatapotea mbele ya msahihishaji asiyemjua? Tunamfundisha achore miwili. Chini ya mmoja aandike, uonavyo Lushoto. Chini ya wa pili aandike, uonavyo London. Kisha aeleze kwa sentensi mbili sababu ya tofauti. Hatujaona msahihishaji wa haki atakayeikata karatasi hiyo. Kazi ya kuwafanya watu walitazame anga letu kama lilivyo si ngeni tena. Kwa miaka mingi Dakta Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania amekuwa akiandika magazetini juu ya anga la usiku linavyoonekana Tanzania, na makala kama hizo zinamfaa mkufunzi kuliko mwongozo wa ng'ambo.

Kuhusu ukali wa kupima, tuwe wakarimu kwa vipimo na wakali kwa maelezo. Fimbo ikiwa imeinama kidogo au uwanja hauko sawa, kivuli cha Juni kitakuwa sentimita 51 au 57, na vyote viwili ni sahihi. Atakayeleta 53.6 kamili, kwa fimbo ya mkaratusi na rula ya plastiki, aulizwe aliipataje. Katika majaribio kumi ya muhula, mawili yaliyo mabaya zaidi yafutwe. Mtu huugua, hufiwa, hukosa usingizi, na somo la kuangalia haliendi kwa woga.

Na jaribio moja katika mwaka lifanyike nje, bila karatasi ya maswali. Mara mbili kwa mwaka, tarehe 8 Machi na tarehe 5 Oktoba au siku inayozipakana, Jua hupita juu kabisa ya utosi wa mtu aliyeko Lushoto, na fimbo iliyosimama wima hupoteza kivuli chake. Wanachuo wengi hukusanyika saa sita kamili, wakakikuta kivuli bado kipo, wakaondoka wakidhani wamekosea siku. Hawakukosea. Saa zetu hufuata mstari wa longitudo ya nyuzi 45 mashariki, unaopita karibu na Mogadishu, nasi tuko kwenye nyuzi 38 na kidogo. Jua hutufikia dakika 27 hivi baada ya kufika kule. Zaidi ya hapo, mwendo wa dunia hauko sawasawa mwaka mzima, na jambo hilo pamoja na kuinama kwa mhimili hulichelewesha Jua la Machi dakika nyingine 11 na kuliwahisha la Oktoba kwa kiasi kama hicho. Kwa hiyo kivuli hupotea Machi yapata saa sita na dakika 38, na Oktoba yapata saa sita na dakika 15.

Jaribio la wiki hiyo lina swali moja tu: kivuli kilipotea saa ngapi, na kwa nini si saa sita kamili? Saa ina alama nne, sababu ina sita. Mawingu yakilifunika Jua siku hiyo, mwanachuo aandike kwamba mawingu yalilifunika, aeleze alichotarajia kukiona na saa aliyokitarajia, naye ahesabiwe alama zake zote kumi.